Sura ya Tano: Mkono wa Chini

Kijiko cha uji hakianzii mdomoni. Kwa mtoto anayeona kinaanzia jikoni: sufuria inafunuliwa, mvuke unapanda, mama anapuliza, na mdomo unafunguka kabla kijiko hakijafika. Kwa mtoto asiyeona lakini anayesikia, kinaanzia kwenye mlio wa bakuli na ile sauti ya "haya, fungua." Mtoto kiziwi asiyeona hana hili wala lile. Kijiko kinatokea tu. Hakuna aliyekuja, hakuna kilichopikwa. Kitu cha moto kimeibuka ndani ya mdomo wake. Ndivyo yalivyo maji ya kuoga, ndivyo lilivyo shati linalopitishwa kichwani, ndivyo ilivyo mikono inayomnyanyua usingizini. Kwetu hata jirani wa mlango wa pili havuki kizingiti bila hodi, ila mtoto huyu huguswa, huinuliwa na huvuliwa nguo mchana kutwa na watu wasiobisha. Akijikunja, akirusha bakuli, akiuma, nyumbani wanasema kazaliwa na hasira, na kliniki wanaandika kwenye faili kwamba hashirikiani.

Wengi hudhani ulemavu huu ni hesabu ya kujumlisha: chukua uziwi, ongeza upofu. Hesabu hiyo haitoki. Kiziwi huishi kwa macho. Anasoma ishara, nyuso na midomo. Asiyeona huishi kwa masikio. Anajua nani kaingia kwa kishindo cha miguu. Kila mmoja hufidia alichokosa kwa kile ambacho mtoto wetu naye hana, au anacho kidogo. Ndiyo maana mwalimu wa viziwi aliyebobea, akiletewa mtoto huyu, hugundua kwamba mbinu zake zote zinadai macho, na mwenzake wa shule ya wasioona hugundua kwamba zake zote zinadai masikio.

Watoto wasioona kabisa na wasiosikia kabisa ni wachache. Walio wengi wana mabaki: mmoja huona mwanga wa dirisha, mwingine rangi kali ikiwa karibu na pua, mwingine husikia ngoma au lori likipita. Mabaki hayo yana thamani kubwa, na kuyatafuta ni kazi ya kwanza ya mpimaji. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba kati ya asilimia 0.2 na asilimia 2 ya watu duniani wana upungufu wa aina hii, kutegemea unaanza kuhesabu wapi. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba uwezekano wa mtoto kiziwi asiyeona kuwa shuleni ni mdogo mara 17 kuliko wa mtoto asiye na ulemavu. Hata kati ya watoto wenye ulemavu wengine, huyu ndiye anayebaki nyumbani.

Tuanze basi nyumbani, na tuanze na mikono.

Mtu mzima asiyeelekezwa hushika mkono wa mtoto kwa juu na kuupeleka anakotaka: shika kikombe, gusa ukuta, sukuma mlango. Nia ni njema. Lakini mkono huo ndio macho ya mtoto, ndio masikio yake, na siku zijazo utakuwa mdomo wake. Kuubana na kuuburura ni kumlazimisha atazame kitu usichompa nafasi ya kukichagua. Mtoto aliyeburutwa vya kutosha hukunja ngumi, na ngumi ikishazoea kukunjwa, kuifungua huchukua miezi. Barbara Miles, mwalimu wa Marekani aliyeandika sana juu ya mikono ya watoto hawa, alisisitiza kinyume chake: mkono wa mtu mzima uwe chini, wa mtoto uwe juu, huru kuondoka.

Tazama inavyokuwa kwenye kupukuchua mahindi. Mama ameketi mkekani, mtoto yuko mbele yake, mgongo wake kifuani pa mama, ili mikono minne ielekee upande mmoja. Hindi limeshikwa na mama. Mikono ya mtoto haikushikwa na mtu. Imetua juu ya migongo ya mikono ya mama. Mama anaanza. Gumba linaikandamiza punje ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa kuwa imebanwa na wenzake kila upande. Mtoto anahisi msuli ule ukikaza, ukikaza, kisha ukilegea ghafla punje inapong'oka. Nyingine. Nyingine tena. Mstari mmoja ukishatoka zinazofuata zinaporomoka kirahisi, na hilo nalo linapita mkononi: kazi imebadilika mwendo. Punje zinagonga ungo ulio kwenye mapaja, na mtetemo unapanda. Baada ya muda kidole kimoja cha mtoto kinateleza katikati ya vidole vya mama kwenda kulipapasa gunzi lenyewe, upande wenye punje na upande uliobaki mtupu. Mama hashangilii wala hamsukumi. Anapunguza kasi, anaacha pengo. Mtoto akiutoa mkono na kwenda zake, mkono wa mama haumfuati. Unabaki pale pale, kiganja wazi.

Kungoja huko ndiko kunakowashinda wataalamu wengi, hasa vijana waliotoka chuoni jana na fomu ya malengo mkononi. Mtoto anayepokea dunia kwa ngozi huchukua muda mrefu kuunganisha alichokigusa na alichokigusa kabla yake. Walimu wazoefu huhesabu kimoyomoyo, wanafika kumi, wanaanza upya. Mgeni akiingia darasani wakati huo huona mtu mzima na mtoto wamekaa tu, na huenda akajiuliza mshahara unalipwa kwa kazi gani.

Kabla ya hayo yote, salamu. Mtoto huguswa begani, kiganja kikatulia hapo kidogo, kisha kikateremka hadi kwenye mkono wake na kumpa kitambulisho. Kila mtu wa nyumba awe na chake: mama ana bangili, baba ana ndevu, bibi ana ushanga wa shingoni, mwalimu ana saa ya mkanda wa ngozi. Kitambulisho hakibadilishwi ovyo. Mwalimu akinunua saa mpya yenye mkanda wa chuma, ajue kwamba Jumatatu atakuwa mtu mgeni, na baba akinyoa ndevu bila kumpa mwanawe kidevu akipapase, asishangae akikataliwa siku mbili.

Wazazi wengi wanaofika kwa mtaalamu wameshasikia habari za Helen Keller, na kwa maoni yangu habari hiyo jinsi inavyosimuliwa imewaumiza wengi. Inasimuliwa hivi: palikuwa na mtoto wa porini huko Alabama, akaja mwalimu, akampeleka bombani, akamwagia maji mkono mmoja na kuandika herufi kwenye mwingine, lugha ikafunguka. Mzazi anarudi nyumbani akingoja siku ya bomba. Anangoja miaka.

Yasiyosimuliwa ni haya. Helen alizaliwa Juni 1880 akiona na kusikia, akaugua akiwa na miezi 19. Alikuwa ameishi katikati ya maneno zaidi ya mwaka mzima, na alikuwa ameshaanza kuyatamka. Anne Sullivan alipowasili Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887 hakumkuta mtoto bubu. Alimkuta mtoto mwenye ishara nyingi alizozitengeneza mwenyewe. Akitaka mkate aliigiza kukata vipande na kupaka siagi. Akitaka barafu tamu alizungusha mkono kama anayeendesha mashine yake, kisha akatetemeka kwa baridi. Mama yake alizielewa. Binti wa mpishi, Martha Washington, aliyekuwa mkubwa kwake kidogo, alizielewa pia, maana ndiye aliyeshinda naye jikoni na kwenye banda la kuku. Tukio la bombani lilikuja mwezi mmoja tu baada ya mwalimu kufika. Mwezi mmoja haujengi lugha mahali ambapo hapakuwa na kitu. Palikuwa na kitu, na waliokijenga ni mama na msichana wa jikoni ambao hakuna aliyewajengea sanamu kwa kazi hiyo.

Nusu karne kabla yake, Laura Bridgman wa New Hampshire naye alikuwa na mtu wa namna hiyo. Alipoteza kuona na kusikia kwa homa akiwa na umri wa miaka miwili. Nyumbani kulikuwa na kazi nyingi za shamba, na aliyepata nafasi ya kukaa naye ni mzee jirani, Asa Tenney, kapera aliyeonwa na wenzake kama mtu wa ajabu ajabu. Mzee alimchukua mashambani, akampa vitu avishike, wakawa na ishara zao. Mwaka 1837 Samuel Gridley Howe alimpeleka Laura kwenye shule ya Perkins huko Boston, akabandika majina ya herufi za kugusika kwenye vijiko, visu na funguo, akamfundisha tahajia ya vidole. Howe alifikiri juu ya kuziendeleza ishara za asili za mtoto, akaamua kuziacha na kufundisha Kiingereza. Alifanikiwa, akapata sifa Ulaya na Marekani. Mimi hujiuliza Laura alipata hasara gani siku ishara zake na mzee Asa zilipokosa mtu wa kuzijibu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtaalamu lielekezwe kwa aliyembeba mtoto: akitaka maji hufanyaje? Mama wengi hujibu kwamba hafanyi chochote, hajui kitu. Ukikaa nao saa moja utaona mtoto anakwaruza goti la mama na mama anasimama kumpeleka msalani, wote wawili bila kufikiri. Hiyo ni sentensi. Iandikwe. Daftari la kawaida la shule linatosha, ukurasa mmoja kwa kila ishara, pamoja na sababu yake pale inapojulikana. Akinusa kiganja chake anamtaka bibi, kwa kuwa bibi hujipaka mafuta ya nazi. Akigonga paji la uso kwa kifundo cha mkono, sikio linamuuma, kaguliwe usaha. Akikaa ghafla sakafuni njiani, ardhi imebadilika chini ya miguu yake na anaogopa. Mpe ukuta aushike. Daftari kama hili lina manufaa kuliko ripoti ya kurasa ishirini yenye muhuri, na tofauti na ripoti, mwalimu mpya akihamishiwa shuleni mwezi wa pili anaweza kulisoma lote kabla ya kengele.

Lakini wapo watoto ambao hawajawahi kusikia neno hata moja. Hawa ndio waliomshughulisha Jan van Dijk, Mholanzi aliyefanya kazi katika taasisi ya Sint-Michielsgestel, pale mlipuko wa rubela wa miaka ya 1960 ulipoacha vizazi vya watoto waliozaliwa hivyo. Marekani peke yake, mlipuko wa 1964 na 1965 ulikadiriwa kuambukiza watu milioni 12.5, na watoto wapatao 20,000 wakazaliwa na madhara. Van Dijk hakuanza na herufi wala bomba. Alianza na mwendo wa mtoto mwenyewe. Mtoto anayumba mbele na nyuma? Kaa nyuma yake, yumba naye, halafu simama. Ngoja. Siku moja atausukuma mgongo wake kwako kidogo, kukuambia endelea. Hapo mazungumzo yameanza, na mwenye kuyaanzisha ni yeye.

Rubela inastahili maneno zaidi, kwa kuwa katika nyumba nyingi ndicho kiini cha ugomvi ambao haukustahili kuwapo. Kwa mtu mzima ni ugonjwa wa kupuuzwa: homa ndogo, vipele vya siku tatu, tezi zimevimba nyuma ya masikio, basi. Mjamzito akiupata katika miezi mitatu ya mwanzo, virusi hupita hadi kwa mimba, na hatari ya mtoto kudhurika ni kubwa mno: macho yenye ukungu, masikio yasiyosikia, moyo wenye kasoro. Aliyeliona hilo kwanza ni daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, mwaka 1941, baada ya kuletewa vichanga wengi wenye mtoto wa jicho kuliko kawaida. Mama zao waliposema walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa ujauzito, alitega sikio. Chanjo ilianza kutumika 1969. Kwetu ilichelewa: Tanzania iliiingiza pamoja na ya surua mwaka 2014, Kenya 2016, Uganda 2019. Wanawake waliojifungua kabla ya miaka hiyo hawakuwa na kinga ya kupewa. Wengi wao wameitwa wachawi na mama wakwe, wameachwa na waume, wamezungushwa kwa waganga hadi ng'ombe wa mwisho, kwa sababu ya vipele ambavyo hata wao hawakumbuki.

Rubela si chanzo pekee. Njiti waliookolewa wakiwa wadogo sana, watoto walionusurika homa ya uti wa mgongo, wenye kasoro za kurithi, nao wamo. Sindromu ya Usher ina ujanja wake: mtoto huzaliwa kiziwi au na usikivu hafifu, anakwenda shule ya viziwi, anasoma ishara vizuri, kisha anaanza kujikwaa jioni. Walimu humwita mzembe. Macho yake yanapoteza usiku kwanza, halafu pembeni, hadi abaki anaona kama kupitia tundu. Mwalimu wa viziwi anayemwona mwanafunzi akishindwa kufuata ishara taa zikififia asimpige wala asimcheke; ampeleke akapimwe macho.

Na mtoto wa jicho wa kuzaliwa hangoji. Doa jeupe kwenye mboni ya kichanga ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo, maana ubongo usiopokea picha katika miezi ya mwanzo hauzipokei vizuri baadaye hata jicho likisafishwa. Upasuaji wa aina hiyo unafanyika hapa hapa kwetu, CCBRT Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya sehemu. Tatizo ni kwamba macho yana kliniki yake na masikio yana yake, kila moja na siku yake na kadi yake. Mama anayetoka mbali hupanda basi kwa ajili ya macho Jumanne na kurudi kwa ajili ya masikio Alhamisi ya mwezi ujao, na hakuna daktari anayeziweka kadi mbili pamoja mezani. Nikipewa kubadilisha jambo moja katika mfumo mzima, ningebadilisha hilo.

Sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa haki za watu wenye ulemavu unawataja viziwi wasioona kwa jina katika ibara ya 24, kwamba wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa. Kenya na Uganda ziliuridhia 2008, Tanzania 2009. Shule zipo pia, chache: Kabarnet huko Baringo, kitengo cha Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam. Walimu wa elimu maalumu wanatoka KISE jijini Nairobi, Patandi mkoani Arusha, Kyambogo huko Uganda. Mtaala wa Kenya wa umilisi umeweka njia ya hatua, ambapo mtoto husogea kwa anachoweza badala ya umri. Kilicho haba ni mikono. Darasa la kawaida linabeba watoto arobaini kwa mwalimu mmoja. Mtoto huyu anahitaji mtu mzima ndani ya upeo wa mkono wake muda mwingi wa siku. Wizara inayopanga ikama kwa idadi ya vichwa haina safu ya kuandika hilo.

Siku ya mtoto pia inahitaji kushikika. Anayeona anajua jioni imefika. Huyu hajui chochote kinachofuata mpaka kimfikie. Mwalimu anapanga maboksi ya viatu kwa safu, kushoto kwenda kulia. La kwanza lina kijiko: chai. La pili lina kipande cha kamba ya bembea. La tatu lina kitambaa cha kuogea. Mtoto anakitoa kitu, wanakwenda pamoja nacho, wakimaliza anakitupa kwenye kikapu cha vilivyokwisha. Kikapu hicho ndicho kinachomfunza kwamba mambo yana mwisho, na mtoto anayejua kuoga kutakwisha haoni sababu ya kuuma anayemwogesha. Wazazi hutumia trei za mayai kama maboksi ya viatu hayapatikani. Hakuna sehemu ya somo hili inayohitaji fedha za wafadhili.

Usiku ndio unaohitaji msaada zaidi, na wataalamu wachache huuliza habari zake. Mtoto asiyeona hata mwanga hana cha kumwambia mwili wake kwamba kumekucha, na usingizi wake huweza kuhama hadi usiku ukawa mchana. Mama anakesha, alfajiri anakwenda shamba. Mtaalamu anayemkabidhi mazoezi matano ya kufanya nyumbani angemuuliza kwanza amelala saa ngapi. Pale wazazi walipounda vikundi, jambo la kwanza wanalofanyiana huwa hilo: mwenzako anamchukua mtoto mchana mmoja, wewe unalala.

Swali la mwisho huja mtaalamu anapofunga mkoba. Nikifa? Sioni jibu la kitaalamu hapo. Nyumba zinazoliweza swali hilo kuliko nyingine ni zile ambazo mapema ziliacha kumfanya mama mkalimani pekee. Dada zake wanajua kurasa za daftari. Watoto wa jirani wanazijua upesi kuliko walimu. Mwenye duka anajua kwamba akiwekewa kipande cha sabuni juu ya kaunta atoe kipya na amwachie mtoto akinuse. Dereva wa bodaboda wa kwenda shule humpa helmeti aipapase, hungoja aivae mwenyewe, ndipo awashe pikipiki. Nauli analipa shangazi, kila mwisho wa mwezi.